Kashi: mji wa karne ya 8 KK, hekalu la 1780. Ukale uko wapi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Jirani zetu Wagujarati hapa Tanga wanajiandaa kupeleka majivu ya baba yao Kashi, India, na wamenialika nifuatane nao. Nimeanza kusoma nikachanganyikiwa. Kila mahali naambiwa ndio mji wa kale kuliko yote, una miaka elfu tano, kumbe hekalu lake kuu limejengwa 1780! Sasa hicho kinachoitwa cha kale ni kipi hasa? Na nikifika nitazame nini, nijihadhari na nini?"

Marahaba mwanangu. Mawe ya Kashi ni mapya, mahali ndipo pa kale. Kinachorithishwa pale ni mahali penyewe, majina yake na utaratibu wa kupazuru. Jengo likivunjwa hujengwa jingine hatua chache kando, na watu huendelea kuomba kana kwamba hakuna kilichohama. Ukilishika hilo, mengi uliyosoma yatakaa sawa.

Tuanze na majina, maana yatakusumbua. Kashi ndilo jina la dini, nalo hutolewa kwenye neno la Kisanskriti la kung'aa. Varanasi ndilo jina la serikali tangu Mei 24, 1956. Hufafanuliwa kwa mito miwili midogo, Varuna kaskazini na Asi kusini, na mji umekaa katikati. Banaras ndilo jina la mtaani. Mwenyeji mmoja huyatumia yote matatu bila kufikiri: hukata tiketi ya Varanasi, hutafuna tambuu ya Banaras, na huomba afie Kashi. (Tambuu hiyo ndiyo hii yetu ya popoo na chokaa, ila wao huisifia kama Wapemba wanavyosifia karafuu zao.)

Ile miaka elfu tano waachie wenye mabango ya utalii. Mwaka 1939, kazi za reli zilipokuwa zikiendelea Rajghat, ncha ya kaskazini ya mji, zilifukua mabaki ya mji wa kale. Baadaye Chuo Kikuu cha Banaras Hindu kikachimba hapo kitaalamu, kuanzia 1957 hadi miaka ya 1960, na matabaka ya chini yakaonyesha makazi ya karibu karne ya 8 KK. Si haba hata kidogo. Katika karne ya 6 KK Kashi ilihesabiwa miongoni mwa dola 16 kubwa za India ya kaskazini, na Buddha alipoanza kufundisha, somo lake la kwanza alilitoa Sarnath, kilomita kama 10 kutoka hapo. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, nao wanasema Parshvanatha, wa 23 katika waongozi wao 24, alizaliwa Kashi. Kwa hiyo ukiambiwa ni mji wa Wahindu, itikia, lakini ujue haukuwa wao peke yao hata siku moja.

Sasa kwa nini mji ukadumu pale pale? Hapa watu hukimbilia miungu, nami naomba tutazame udongo kwanza. Mto Ganga hushuka kutoka Himalaya na kuelekea mashariki mpaka baharini, lakini hapa hupinda na kwa kilomita chache ukarudi kaskazini, kana kwamba umesahau kitu kwao. Ukingo wa magharibi, penye mji, umekaa juu ya mgongo wa udongo mgumu uliochanganyika na vinundu vya chokaa, ambavyo wenyeji huviita kankar. Mto hauwezi kuula. Ng'ambo ya mashariki ni mchanga mtupu ambao kila msimu wa mvua hufunikwa. Matokeo yake mji mzima uko upande mmoja, juu, ukitazama jua linapochomoza, na mbele yake hakuna nyumba ya kulizuia. Mtu anayeoga alfajiri anakuwa na maji matakatifu miguuni na jua usoni kwa pamoja. Wahindu waliona ishara hapo, na hata asiye Mhindu ataona ni kwa nini.

Ukingo huo umejengewa ngazi za mawe zinazoshuka majini, na kila kipande cha ngazi kina jina lake na mjenzi wake. Huitwa ghati, na hesabu iliyozoeleka ni 84. Jiwe lake ni jiwe la mchanga kutoka Chunar, upande wa juu wa mto. Ni jiwe lile lile ambalo mfalme Ashoka alichongea nguzo yake ya Sarnath katika karne ya 3 KK. Wale simba wa juu ya nguzo utawaona tena kwenye noti ya rupia, kwa sababu India iliwafanya nembo ya taifa Januari 26, 1950. Lakini ghati zenyewe, pamoja na majumba yanayoziinamia, nyingi ni za karne ya 18 na kuja huku, zimejengwa na wafalme wa Kimaratha na matajiri wa majimbo mengine waliotaka kila mmoja kuwa na kipande chake cha Kashi.

Kuhusu hekalu kuu, la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, kwa jina la Vishwanath, yaani Bwana wa ulimwengu, historia yake ni ya kuvunjwa na kusimama. Mwaka 1194 jeshi la Qutb al-Din Aibak, kamanda wa Muhammad wa Ghor, sultani kutoka Afghanistan, lilibomoa mahekalu ya mji baada ya kumshinda mfalme Jayachandra. Karibu 1585, enzi ya Akbar, mfalme Mwislamu wa ukoo wa Mughal, mwanazuoni Narayana Bhatta alijenga hekalu kubwa jipya akisaidiwa na Todar Mal, waziri wa fedha wa Akbar. Mwaka 1669 Aurangzeb, mfalme wa ukoo huo huo, akaamuru livunjwe, na juu ya msingi wake ukajengwa msikiti wa Gyanvapi, sehemu ya ukuta wa nyuma wa hekalu ikiachwa imesimama mpaka leo. James Prinsep, Mwingereza aliyefanya kazi katika kiwanda cha sarafu cha mji miaka ya 1820, alichora ramani ya hekalu lililovunjwa akifuata mabaki hayo. Hekalu la sasa lilijengwa kando tu, 1780, na Ahilyabai Holkar, malkia wa Indore, na dhahabu ya vilele vyake ilitolewa na Ranjit Singh, mtawala wa Masingasinga wa Lahore, katika miaka ya 1830.

Kama unataka kuliona jambo hili kwa macho badala ya kulisoma, mtafute Nandi. Karibu kila hekalu la Shiva huwa na sanamu ya ng'ombe dume, Nandi, aliyelala akimkabili bwana wake. Hiyo ndiyo kanuni. Uani mwa Vishwanath yupo Nandi mkubwa wa jiwe, na hatazami hekalu la 1780. Anatazama msikiti, pale lilipokuwa hekalu la zamani. Mahali alikoelekea ndiko kisima cha Gyanvapi kilipo, na jina hilo lenyewe maana yake ni kisima cha maarifa.

Msikiti unaswaliwa mpaka leo, na kesi ziko mahakamani. Sheria ya India ya 1991 inataka nyumba za ibada zibaki na sura ziliyokuwa nayo Agosti 15, 1947. Pamoja na hayo, Januari 2024 mahakama ya wilaya iliruhusu ibada ya Kihindu kwenye chumba kimoja cha chini. Utakuta askari wengi na uzio mrefu. Jambo hilo usilijadili foleni, wala usielekeze kamera huko.

Basi kama jengo si ushahidi, ushahidi uko wapi? Uko kwenye njia. Kashi Khanda, sehemu yenye sura 100 ya Skanda Purana, kitabu cha kale cha dini ya Kihindu, inaorodhesha mahali patakatifu pa mji mmoja mmoja na jinsi ya kuvizuru, na mahujaji wa leo bado wanafuata. Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, peke yake amewekwa vituo 56: duara 7 moja ndani ya nyingine kumzunguka Vishwanath, na kila duara vituo 8, kimoja kwa kila pembe ya dunia. Baadhi ya vituo hivyo leo ni kijisanamu kilichopakwa rangi nyekundu ndani ya ukuta wa duka la simu. Mwenye duka hukiwekea ua asubuhi, halafu anafungua biashara.

Njia kubwa kuliko zote ni Panchakroshi. Krosha ni kipimo cha kale, kama kilomita tatu na nusu, na krosha tano ndiyo nusu kipenyo ya duara inayoizunguka Kashi yote. Mahujaji huoga Manikarnika, huweka nia karibu na kisima cha Gyanvapi, kisha hutembea kama kilomita 80 kwa siku tano, wengi peku, wakipitia vituo 108 na kulala Kardameshwar, Bhimchandi, Rameshwar, Shivpur na Kapildhara. Mji huwa mkono wao wa kulia muda wote. Wewe uliyezoea kusikia habari za kutufu Kaaba ikiwa kushoto, zingatia hapo: kwa Wahindu kitakatifu huzungukwa kikiwa kulia, na kukizunguka kinyume kuna maana yake nitakayoieleza mbele. Mwendo wa mwisho hutupwa punje za shayiri njiani, na ziara hufungwa kwa Sakshi Vinayak, Ganesha Shahidi, ambaye mtu humwendea ili ashuhudie kwamba kweli kazi imekwisha. Ukiruka kituo hicho, wenyeji watakuambia umetembea bure.

Na hapo Kardameshwar, kituo cha kwanza, ndipo penye jibu la sehemu ya swali lako: hekalu lake ni moja ya machache mno ya Kashi yaliyobaki tangu enzi za kabla au karibu na 1194. Liko nje kijijini, kando ya birika, na aghalabu watalii hawafiki.

Tuje kwenye majivu. Wahindu wana miji mitakatifu 7 yenye kutoa wokovu: Ayodhya, Mathura, Haridwar, Kashi, Kanchi, Ujjain na Dwarka. Dwarka iko Gujarat, kwao hasa jirani zako, wala hawakulazimika kusafiri mbali vile. Wanakwenda Kashi kwa sababu ya mauti. Itikadi ni kwamba anayefia ndani ya ile duara ya Panchakroshi, awe nani, Shiva mwenyewe humnong'oneza sikioni neno la kuvusha, na hazaliwi tena. Tofautisha mambo mawili hapa, kwa kuwa hata wenyewe huyachanganya. Ahadi hiyo ni ya kufia Kashi. Kupeleka majivu ni wajibu mwingine, wa watoto kwa mzazi, na kwa wajibu huo Haridwar au Prayag, mji mwingine mtakatifu wa mto Ganga, zinatosha vile vile. Kwa ajili ya ile ahadi ya kufia Kashi, mjini kuna nyumba za wanaosubiri kufa; moja inayojulikana, Mukti Bhawan, humpa mgonjwa wiki mbili hivi, na asipofa hutakiwa kumpisha mwingine.

Si kila mtu alikubali. Kabir, mshairi wa karne ya 15 aliyelelewa na wafumaji Waislamu wa Kashi hiyo hiyo, inasimuliwa kwamba alipozeeka alihama kwa makusudi akafia Maghar, mji ambao watu walisema anayefia huko huzaliwa punda. Alitaka kuonyesha kwamba kama Mungu yumo moyoni, mahali hapaongezi kitu. Kashi ilimsikia, ikaendelea kuchoma maiti, na mashairi yake inayaimba.

Maiti huchomwa kwenye ghati mbili, Manikarnika, usiku na mchana bila kupumzika, na Harishchandra. Utaratibu ni huu. Maiti hufika juu ya machela ya mianzi, watu wakiitikia kwamba jina la mungu Ram ndilo kweli. Huchovywa mtoni, huachwa ichuruzike maji, na hutiwa maji ya Ganga mdomoni. Kuni hupimwa kwa mizani kubwa. Mwili mmoja hutaka kama kilo 300. Moto hauwashwi kwa kiberiti. Hununuliwa kwa Wadom, tabaka lenye haki ya kurithi ya kazi hiyo, kutoka kwenye moto wao usiozimwa. Mtoto wa kiume mkubwa, amenyolewa kichwa na kuvaa nguo nyeupe, hulizunguka rundo la kuni mara tano kinyume cha ule mzunguko wa hekalu, kwa kuwa mambo ya mauti hufanywa kinyume na ya uhai. Kuni humwagiwa samli na vipande vya msandali. Baada ya kama saa tatu, fuvu hupasuliwa kwa mwanzi ili roho itoke, na mwishoni yule mtoto hurusha mtungi wa maji nyuma kupitia begani, huondoka na hageuki.

Kinachoharibika ni kuni. Maskini hununua pungufu, au mvua hulowesha, moto hufa njiani, na kilichobaki husukumwa mtoni. Ndio mzizi wa zile habari za miili kuelea. Serikali ilijenga tanuri ya umeme Harishchandra, iliyoanza kazi 1989 chini ya mpango wa kusafisha Ganga, lakini umeme ulikuwa wa kukatikakatika na wengi bado wakataka kuni. Zaidi ya hayo, kuna wasiochomwa kwa desturi: watawa, watoto wadogo, wajawazito, waliogongwa na nyoka. Hao hutoswa wakiwa wamefungwa jiwe.

Jirani zako kazi yao itakuwa nyepesi. Majivu husafirishwa yamefungwa vizuri, pamoja na cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa. Chombo kisiwe cha chuma, kwani eksirei ya uwanja wa ndege haipenyi na mtafunguliwa. Waulize ubalozi wa India mapema kuhusu vibali. Kule Kashi, mhudumu wa dini atawaongoza kwenye mashua mpaka katikati ya mto. Atafinyanga madonge ya unga wa shayiri au wali na ufuta mweusi kwa ajili ya marehemu, kisha majivu yatamiminwa. Sadaka yake ikubaliwe kabla mashua haijafunguliwa kamba. Bei ikitajwa wakiwa wameshafika katikati ya mto, hakuna atakayethubutu kubishana na majivu ya baba yake yakiwa mkononi.

Wewe mwenyewe, Manikarnika simama mbali, kamera iwe mfukoni. Akija mtu mwenye sura ya huruma akakupandisha kwenye kibaraza "uone vizuri", kisha akakuelezea habari za wazee wasio na kuni na kukutaka uchangie kilo kadhaa, shuka uende zako. Ni ulaghai wa miaka mingi, na fedha hazifiki kwa mzee yeyote. Wanawake wa familia kwa desturi hawashuki uwanja wa kuchomea, ingawa kwenye mashua ya majivu hukaribishwa.

Hekaluni Vishwanath huingii na simu, kamera, begi wala kalamu. Viache hotelini, maana makabati ya kukodi nje yana foleni yake. Beba pasipoti. Ibada ya kwanza ni saa 9 usiku, ya mwisho saa 4:30 usiku. Ndani ni kadogo kuliko unavyodhani: linga yenyewe, yaani alama ya Shiva inayoabudiwa, ni jiwe jeusi la kimo cha kama sentimita 60, limezungukwa na madini ya fedha, na utaliona kwa sekunde chache huku ukisukumwa. Usiudhike. Kuonana kwa jicho ndiko kunakotafutwa, na sekunde zinatosha. Ule uwanja mpana kutoka hekaluni mpaka mtoni ulifunguliwa Desemba 13, 2021. Awali hapo palikuwa na vichochoro na nyumba zilizobanana, na zilipobomolewa vikaonekana vihekalu vya zamani vilivyokuwa vimemezwa na kuta za watu.

Alfajiri panda mashua kwenye ghati ya Assi, kusini, uende kaskazini kwa mkondo mpaka Rajghat. Siku nyingine nenda Sarnath ukauone mnara wa Dhamek, meta 43 na ushei, na nguzo ya Ashoka iliyovunjika. Kichwa chake cha simba kimo jumba la makumbusho jirani. Ile ibada ya taa za jioni Dashashwamedh, ambayo picha zake umejaa nazo, kwa sura hiyo ilianza miaka ya 1990. Itazame, inapendeza, ila usiiandike kwenye daftari la mambo ya kale. Maji ya mto usiyanywe hata ukipewa kwa heshima. Gusa kwa vidole upake kichwani, hakuna atakayechukia. Mabomba ya maji taka humwagika humo humo.

Kuhusu msimu, epuka Julai hadi Septemba. Alama ya hatari ya mto ni meta 71.26 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 1978 ulifika 73.90. Mto ukipanda, ghati zote huzama, mashua hupigwa marufuku, na maiti za Manikarnika huchomewa juu ya mapaa. Mwisho wa Desemba na Januari kuna ukungu wa kuchelewesha treni na ndege kwa saa nyingi. Februari ni mwezi mzuri. Saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu. Na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kichukueni mapema, hasa kama ndege yenu itapitia Kenya: huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na asiye nacho huweza kuwekwa karantini mpaka siku 6, majivu ya mzee yakiwa mkononi.